Siku Ambazo MaSekhobe Hakuja Shambani

24 Machi

Leo tumeanza kung'oa maharagwe. MaSekhobe hakuja shambani. Sababu ni ile ile.

Daftari hili aliliacha mjukuu wangu Seabata alipotoroka shule kwenda mgodini, ng'ambo ya mto Mohokare. Kurasa safi ni nyingi kuliko zilizoandikwa, na hapo utajua alikuwa mwanafunzi wa namna gani. Mimi shule sikuikanyaga kabisa. Baba yangu hakupata mtoto wa kiume, kwa hiyo ng'ombe wake nilichunga mimi, mlimani, miaka kumi na mmoja. Kusoma nilijifundisha baada ya kuolewa. Mume wangu Sekhobe alikuwa akiniandikia barua kutoka mgodini, na aliyenisomea alikuwa mke wa mwalimu. Kabla sijafika nyumbani, kijiji kizima kilikuwa kinajua mume wangu amekumbuka sehemu gani ya mwili wangu. Nikachukua kitabu cha nyimbo za kanisa, nikalinganisha herufi na maneno niliyoyajua kwa moyo. Mwaka mmoja, nikamaliza.

Sasa nina miaka sabini na minne na nasahau. Naandika ya kila siku ya mavuno ili mwakani mtu asinidanganye tulianza lini kuvuna nini.

MaSekhobe ni mke wa Seabata. Kwao anaitwa Lipuo. Lakini bibi harusi akiingia kwetu hupewa jina la mtoto atakayemzaa, na aliyempa ni mimi: mama wa Sekhobe. Nilitaka kulisikia tena jina la mume wangu likiitwa uani, njoo ule, ondoka kwenye matope. Huu mwaka wa tatu. Mama tunaye, Sekhobe hatumwoni.

Katika nyumba hii mwanamke akiwa kwenye siku zake haingii shambani, wala zizini, wala uwanja wa kupuria. Basi kila mwezi mstari wake unabaki umesimama peke yake, na kila apitaye njiani anasoma habari zetu.

28 Machi

Seabata anafika kesho, mwisho wa mwezi, kama kawaida ya wachimbaji wote. Nimemwita mkewe.

"Damu imekauka?"

"Tangu jana, Nkhono." Nkhono kwetu ni bibi.

"Basi sasa ndipo tumbo liko wazi. Damu ikishatoka, mlango unabaki wazi siku mbili tatu, nyumba imefagiliwa, inangoja mgeni. Mumeo anakuja kesho. Usilale kama gogo."

"Nimesikia, Nkhono. Mwaka wa tatu nasikia."

Bibi yake halisi angemzaba kofi kwa sauti ile. Mimi nilimpa bakuli la maziwa, nikamwangalia mpaka akamaliza.

31 Machi

Seabata ameondoka. Amekonda. Nimempa maharagwe.

9 Aprili

Upepo. Hakuna la kuandika.

23 Aprili

Tunakusanya maboga. MaSekhobe hakuja shambani.

26 Aprili

Seabata amefika leo, na mkewe hajamaliza siku zake. MaSeabata, mama yake Seabata, mjane wa mwanangu Lebona aliyeuawa na mapafu ya mgodi, aliweka sufuria la papa, ugali wetu, mezani kama anayelitupa.

"Mwanangu anasafiri siku nzima," akasema, "anakuta mlango umefungwa."

"Mama, acha," akasema Seabata.

"Niache nini? Kuna msichana upande wa pili wa mlima, Nyakallo. Mtoto ana miezi saba, baba wa mtoto hajulikani alipo. Huyo hakuna wa kuuliza kama anazaa. Tunda tunaliona mgongoni. Siku ya kupura mtama, ninamleta. Huyu atakaa au atarudi kwao, atachagua."

MaSekhobe alikuwa amepiga magoti anatugawia mboga. Akaendelea kugawa. Nami nilinyamaza. Hapana, niandike kweli, daftari ni langu: nilitikisa kichwa kukubali.

12 Mei

Umande umeganda kama chumvi. Goti linauma.

24 Mei

Tumeanza kukata mtama. Ndege wameshiba kuliko sisi. MaSekhobe hakuja shambani.

Nilipita kwake kumwambia ukweli. Nikamwambia mimi nilizaa watano, na kila mmoja nilimpata kwa njia ile ile niliyomfundisha, na kama yeye hapati basi kuna kitu anakificha. Alikuwa anafua. Akaendelea kufua.

2 Juni

Seabata amekuja juzi, ameondoka leo. Siku zilikuwa zimekwisha sawasawa, tarehe ishirini na nane, mlango wazi kabisa kama nilivyofundishwa na mama mkwe wangu. Safari hii sina shaka.

3 Juni

Shaka ninayo. Blanketi la MaSekhobe lilikuwa limeanikwa, nikaona kadi ya zahanati imebanwa ndani na pini. Mtu mwenye mwili mzima na afya anakwenda zahanati kufanya nini? Najua. Wanapiga ile sindano ya kuzuia mimba. Anatuchezea. Anamla Sekhobe wangu kabla hajazaliwa.

4 Juni

Nimechoka lakini leo lazima niandike yote.

Asubuhi MaSekhobe alisema anakwenda kusaga. Hakubeba mtama. Nilijifunika blanketi mpaka puani nikamfuata kwa mbali, kila akigeuka nami nainama kama naokota kuni, na njia nzima haina mti hata mmoja. Alipoingia chumba cha nesi nilihesabu mpaka ishirini, nikausukuma mlango.

"Mdunge mbele yangu!" nikasema. "Mdunge nione!"

Nesi anaitwa Mpolokeng, mnene, hana haraka. Alinitazama juu mpaka chini.

"Bibi, hapa hodi hupigwa."

"Nesi, huyu ni mke wa mjukuu wangu, na hiyo sindano mnayompa..."

"Mgonjwa akitaka uondoke, utaondoka na miguu hiyo hiyo iliyokuleta."

MaSekhobe alikuwa amekaa kwenye benchi, macho makavu. "Mwache akae," akasema. "Amekuja kwa miguu kunitukana, asirudi bure."

Hakuna sindano. Alikuwa amekwenda kuuliza kwa nini hapati mtoto. Nesi alikuwa amemuuliza siku zake zinakuja tarehe ngapi, naye hakujua. Anajua tu kwamba zinakuja, kama kijiji kizima.

"Bila tarehe nitakuwa nabahatisha," nesi akasema. "Nenda ukaandike miezi mitatu, kisha urudi."

Miezi mitatu. Na mtama unapurwa Julai.

Nikaingiza mkono kifuani nikatoa daftari. Silitoi kwa watu, lakini nililitoa. Nikamwonyesha pale nilipoandika kwa chuki: hakuja shambani, hakuja shambani, hakuja shambani. Tarehe 24 Machi. Tarehe 23 Aprili. Tarehe 24 Mei.

Nesi alihesabu na kalamu. "Siku thelathini. Siku thelathini na moja. Nkhono, umenifanyia kazi yangu. Mumewe huja lini?"

"Mwisho wa mwezi," nikasema. "Damu ikishakauka tu. Wakati tumbo liko wazi."

"Nani amekuambia liko wazi?"

"Mama mkwe wangu."

"Naye?"

"Mama mkwe wake."

Aliweka kalamu chini. Alitueleza taratibu, na nitaandika kama nilivyoshika. Mwanamke ana yai. Halitoki damu inapokwisha. Linatoka kama siku kumi na nne kabla ya damu inayofuata, na likishatoka linaishi siku moja, basi. Mbegu ya mwanamume ndiyo yenye subira, inaweza kungoja ndani siku tatu, hata tano. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni zile chache kabla ya yai na siku yenyewe. Kwa huyu, akasema, ni kama tarehe tano mpaka tarehe kumi za kila mwezi. Watu wanaziita siku za hatari. Nikamuuliza hatari ya nini kwa mtu anayelilia mtoto, akacheka mpaka kiti chake kikalia.

Tarehe tano mpaka kumi. Seabata wakati huo yuko chini ya ardhi. Anakuja wakati hakuna yai, anaondoka, na yai linatoka linakuta nyumba haina mtu. Miaka mitatu.

"Kuna na dalili," nesi akasema. "Siku hizo unapata ute mwepesi, unaovutika, kama ute mweupe wa yai bichi."

MaSekhobe akainua kichwa. "Huo naupata. Nilidhani ni ugonjwa. Najiosha na maji ya chumvi mpaka unakatika."

Hapo nikasogea nikakaa kwenye benchi karibu naye.

Huo ute ninaujua. Nimeuona miaka kumi na mmoja mkiani mwa ng'ombe wa baba yangu. Ng'ombe jike akitaka dume, hula kidogo, hupanda wenzake, na ute wa namna hiyo hiyo unaning'inia, unang'aa kama kioo. Ukiuona unampeleka kwa dume siku hiyo hiyo. Ukingoja mpaka uone damu, umechelewa, unarudi nyumbani na baba anakuchapa. Nilijua nikiwa na miaka minane. Ng'ombe nilimpeleka siku yake, mtoto wa watu nikampeleka siku ya damu.

"Nasema na hili," nesi akaongeza. "Hata siku zikiwa sahihi, mimba haiingii kila mwezi. Wengine huchukua miezi mingi na wote wazima. Na mume naye apimwe, tatizo halichagui upande."

Njiani nilitembea nyuma yake. Nilikuwa najiuliza mimi basi nilizaaje watano. Nikapata jibu kwenye kile kilima cha mwisho. Sekhobe wangu alikuwa akifanya mkataba wa miezi tisa, kisha anakaa nyumbani miezi mitatu, minne, mpaka nimchoke. Alinikuta siku zote, za yai na zisizo za yai. Somo la mama mkwe wangu halikuwahi kujaribiwa. Siku hizi wanaume wanakuja siku mbili kama wageni wa mazishi, na sisi bado tunafundisha lile lile.

Sikumwomba radhi. Nilimwambia tu, "Chumvi hiyo acha."

5 Juni

Nimempigia Seabata kwa simu ya jirani.

"Mkeo anakuja kwako kesho."

"Nkhono, niko zamu."

"Zamu ina mwisho. Ukitoka, oga."

6 Juni

MaSeabata alisimama mlangoni, mikono kwenye fremu zote mbili.

"Bibi harusi hatoki mavunoni! Nani amewahi kuona? Mtama uko shambani, yeye anafuata mume kama mbwa!"

"Pisha," nikasema.

"Mama, mstari wake atakata nani?"

"Nipe huo mundu."

"Una miaka sabini na minne!"

"Basi nitakata polepole. Kuna anayenifukuza?"

"Umelishwa nini na huyu?"

"Nimelishwa aibu. Pisha mlango kabla sijakung'ata."

Akapisha. MaSekhobe akapita na kifurushi chake, na alipofika kwenye kijia aligeuka akanitazama. Sura yake haikuwa ya shukrani. Alikuwa ananipima. Nilistahili.

7 Juni

Mgongo.

8 Juni

Mgongo. MaSeabata anakata mstari wa pili kutoka kwangu na hanisemeshi. Anakata vizuri, mshenzi.

11 Juni

MaSekhobe amerudi. Ameniletea sukari na dawa ya kuchua. Nimemuuliza, "Ule ute?" Akasema, "Ulikuwepo, Nkhono." Tukanywa chai.

22 Juni

Sijalala vizuri. Nimemkataza kubeba maji, hakunisikiliza.

23 Juni

MaSekhobe hakuja shambani.

24 Juni

MaSeabata anaimba tangu asubuhi. Ana sauti nzuri, ndiyo inayouma. Alisuuza vyombo akiimba, akafagia akiimba, akapita dirishani kwa MaSekhobe akiimba zaidi.

Nikaingia kule. Msichana alikuwa anakunja nguo zake.

"Nesi alisema miezi mingi," nikamwambia. "Mwezi mmoja si kitu."

"Kwako si kitu."

"MaSekhobe..."

"Usiniite hivyo!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Nkhono, unajua unanifanya nini? Nikichota maji, mama wa Sekhobe. Nikipika, mama wa Sekhobe. Kila mtu akinisalimia ananitajia kitu nisichokuwa nacho. Mumeo amekufa, hilo jina lake, mlilie mwenyewe. Kwa nini mlinivisha mimi maiti yenu?"

Ningekuwa mimi wa Machi, ningempiga. Badala yake nikasema, "Ngoja mpaka mtama upurwe. Kama bado unataka kwenda, nitakusindikiza mimi mwenyewe mpaka kwa mama yako, na nitamwambia kosa ni la nani."

Alitoa nguo mbili akazirudisha msumarini.

30 Juni

Seabata alikuwepo siku mbili. Mama yake alimweleza habari za Nyakallo mbele yangu, kama anayemweleza bei ya kondoo. Kijana akatazama viatu vyake.

"Wewe ni mume au ni mgeni?" nikamuuliza. "Mwezi ujao uje wakati wa yai lake, si wakati wa mshahara wako. Na upimwe."

"Nitauliza kazini, Nkhono."

"Usiulize. Badilishana zamu na mtu. Unajua kubadilishana viatu vya mpira, utashindwa zamu?"

Akaniahidi. Akaondoka bila kumuaga mama yake, jambo geni.

5 Julai

Amekuja! Ijumaa ya mwanzo wa mwezi, watu wanashangaa njiani kama wameona mzimu. Amepimwa huko mgodini, anasema hana kasoro. MaSeabata amemuuliza nani amekufa.

9 Julai

Ameondoka. Mimi siku hizi nne nilikuwa na masikio mabovu na usingizi mzito, ndivyo bibi anavyotakiwa kuwa.

15 Julai

Baridi inapasua mawe. Mtama wote uko uwanjani.

20 Julai

Leo tumeanza kupura. Wanawake wa jirani wamekuja kusaidia, pombe ya mtama ipo, fimbo zinapiga kwa wimbo. MaSeabata akaja na Nyakallo. Binti mwembamba, mtoto mgongoni anakohoa. Akampa fimbo, akamweka katikati, kando kabisa ya MaSekhobe, wapimwe kwa macho.

"Huyu ni mgeni wetu," akatangaza. "Atakaa."

Wanawake wakaacha kupiga. Wakawatazama wote wawili, kisha wakatazama chini. Yule binti wa watu alikuwa anambembeleza mtoto mgongoni, na hakukuwa na haja ya kumchukia yeye.

Nikaingia uwanjani na fimbo yangu.

"Nisikilizeni, maana sitasema mara mbili. Huyu mnayemwita tasa, hamjui kama ni tasa, wala mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia tumbo liko wazi damu ikikauka. Ni uongo. Nyote mmewafundisha binti zenu uongo huo huo, kwa sababu sisi tulifundishwa. Yai linakuja katikati, na wanaume wetu wanakuja mwisho wa mwezi. Hesabuni wenyewe."

"Mama, kaa chini," MaSeabata akasema.

"Nitakaa nikifa. Na jina nililompa nalirudisha. Sekhobe ni wangu, amelala pale juu ya kilima, atabaki huko. Huyu anaitwa Lipuo. Atakayemwita vingine atanijua."

Halafu MaThakane, rika langu, mtu mkali kuliko mimi, akaketi juu ya mabua. Fimbo ikamponyoka.

"Mimi wangu nilimrudisha kwao," akasema. "Mwaka juzi. Mwanangu alikuwa anakuja mwisho wa mwezi."

Nyakallo ndiye aliyeanza kulia. Lipuo akamfungua mtoto mgongoni, akamfunika na blanketi lake mwenyewe, akamwambia, "Nenda kakae kwenye moto. Kifua chake kibaya."

Nyakallo amekunywa chai kwetu, kisha amerudi kwao. MaSeabata hanisemeshi tena.

23 Julai

Lipuo yuko uwanjani.

24 Julai

Lipuo yuko uwanjani.

25 Julai

Theluji. Hakuna aliyekwenda popote. Siku kama hii haihesabiki, lakini nimeihesabu.

27 Julai

Lipuo yuko uwanjani. Sijamuuliza. Naye hajasema. Tunazungumza habari za pumba.

29 Julai

Lipuo yuko uwanjani. Amekataa chai, anasema harufu ya maziwa ni mbaya. Maziwa ni mazima. Sikuandika kitu hapa. Mambo haya yanaweza kuharibika, na mimi si mtu wa kuliita jambo kabla halijaja. Jina moja la mapema linatosha.

31 Julai

Siku ya mwisho ya kupura. Lipuo alikuwa uwanjani tangu jua linachomoza, anapiga na fimbo ile nzito ya mzeituni.

MaSeabata akaja akasimama kando yangu. Ni mara ya kwanza anasema nami tangu ile siku.

"Mama, leo tarehe ngapi?"

"Una vidole," nikamjibu. "Hesabu mwenyewe."

Akanigeuzia mgongo nisimwone. Nilimwona. Alianza na dole gumba, akamaliza mkono mmoja, akaingia wa pili, akafika kidole cha tatu, akasimama. Akarudia tangu mwanzo.

Kisha akavuka uwanja kwa hatua zake zile za ugomvi, akafika kwa Lipuo, akamnyang'anya fimbo mkononi bila hata salamu.

"Toka hapa," akamwambia. "Unapiga vibaya. Nenda kakae."

Akaanza kupiga yeye, kwa hasira, mtama ukiruka mpaka kwenye blanketi langu, na Lipuo akabaki amesimama mikono mitupu, hajui aiweke wapi.